Miwani ya Mama Breki

Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu alifundisha watu kuendesha gari, na katika miaka yote hiyo gari lake halikuwahi kugonga mtu. Mapipa ya taka liliyagonga, geti la shule lililigonga, na siku moja lilikiingilia kibanda cha magazeti mwenye kibanda akiwa ametoka kunywa chai. Lakini mtu, hapana. Gari la kufundishia lina breki ya ziada upande wa mwalimu, na breki hiyo aliitumia sana, mpira wake ukalika mpaka chuma kikang'aa. Wanafunzi wakamwita Mama Breki. Jina likamganda, na waliosahau lile alilopewa na wazazi wake hawakuona haja ya kuuliza.

Hakuwa mtu wa kufoka. Mwanafunzi akizima gari katikati ya njia panda, honi za nyuma zikimzomea, Mama Breki alimwambia kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi mezani, "Gari limepumzika kidogo. Na wewe pumzika. Haya, klachi, gia ya kwanza, twende." Na walikwenda. Siku moja kabla ya mtihani alimchukua kila mwanafunzi na kumtembeza kwa miguu njia nzima ya mtihani, kona kwa kona, akimwonyesha kibao hiki, shimo lile, na mbwa wa nyumba ya kona anayependa kurukia magurudumu. Walimu wenzake walimcheka kwa kumaliza soli za viatu. Yeye alisema mtu akishapajua mahali, nusu ya woga huwa umeshuka njiani.

Ugonjwa ulimjia kupitia mkanda wa gari. Kwa wiki kadhaa mkanda ulimkera kifuani, upande wa kushoto, mahali pamoja tu. Aliuvuta, akaulegeza, akaulaumu uzee wa gari. Mwishowe, akiwa bafuni, akapeleka vidole pale palipokuwa pakimkera, akakuta kitu kigumu kama punje ya hindi iliyojificha ndani ya titi. Hakukawia. Kesho yake alikuwa hospitali. Akapigwa picha, akachomwa sindano nene ya kuchukua kinyama cha kupima, akaambiwa arudi baada ya siku kumi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi asiyezungusha maneno. "Mama, ni saratani," alimwambia. "Lakini umeiwahi. Ni ndogo, na haijatembea. Tutautoa uvimbe na kuliacha titi, kisha utapata mionzi. Una swali?"

Mama Breki aliuliza atakaa siku ngapi bila kuendesha gari. Daktari akamtazama, akacheka, akamwambia wiki nne au tano.

Mumewe alikuwa kinyozi. Alikuwa na duka la viti viwili na kioo kimoja kirefu, na wateja walisema ukiingia kwake unanyolewa nywele lakini unaota masikio, kwa jinsi mdomo wake ulivyofanya kazi kuliko mkasi. Jioni ile mkewe alimweleza habari akiwa anamenya viazi jikoni. Kinyozi alikiweka kiazi chini, akanawa mikono, akamshika mabega kwa nyuma. "Tutautoa," akasema. "Wewe umewatoa watu wangapi mitaroni?"

Mkewe alicheka, na kila aliyemwona wiki zile alisema mwanamke yule ni chuma. Alipanga ratiba za wanafunzi wake kwa wenzake, akafua mapazia yote, akapiga pasi hata vitambaa vya kupangusia vyombo. Hakumwambia mtu kwamba siku hizo alizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya hospitali ile.

Siku ya upasuaji ilipofika, yakamkuta yaliyomkuta. Alivalishwa gauni la kijani linalofungwa kwa nyuma, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, mhudumu akaanza kumsukuma. Taa za dari zikaanza kupita moja moja juu ya uso wake. Hakuona mbele, hakuona nyuma, hakujua wanakata kona gani wala lini. Mikono ikamlowa jasho. Mdomo ukakauka, ulimi ukawa kama kipande cha gunzi. Walipompima presha mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mashine ilisoma mia mbili na tano. Wakangoja, wakapima tena. Mia mbili na kumi.

"Hatuwezi kumlaza mtu hivi," daktari alisema. "Si kosa lako, mama. Tutapanga siku nyingine, baada ya wiki moja."

Kurudi nyumbani na kifua kile kile alichotoka nacho kulimuuma kuliko ambavyo kisu kingemuuma. Alikaa kitandani na mkoba wake ukiwa bado umefungwa. Kinyozi akaja na vikombe viwili vya chai, akakaa karibu naye.

"Kazi yangu ni kuwatoa watu woga," mkewe alisema baadaye. "Miaka ishirini na mitatu. Halafu mimi mwenyewe nasukumwa hatua mia mbili tu, natetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa."

"Mganga hajigangi," kinyozi akasema. "Na kinyozi hajinyoi. Nani ananinyoa mimi? Si yule mpinzani wangu wa mtaa wa pili? Nakwenda kwa kujificha, lakini nakwenda."

Mkewe alicheka mpaka chai ikamwagika sahanini. Kisha, akiwa bado ameshika sahani, akamwambia kilichokuwa kikimsumbua kweli. Hakuogopa kisu, wala kovu. Aliogopa ule usingizi. Aliogopa kulala mahali asipopajua, miongoni mwa watu waliofunika nyuso, bila kujua nani anaangalia nini.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Sauti ya binti ikajitambulisha kuwa ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kwamba kuna kitu wameanza kukitumia kwa wagonjwa wanaopata wasiwasi. Je, mama angependa kuja kukijaribu kabla ya siku yenyewe? Mama Breki aliuliza kama ni kidonge. "Si kidonge," muuguzi akasema. "Ni miwani."

Chumba chenyewe kilikuwa zamani stoo ya mashuka, na rafu zake zilikuwa bado zimejaa ukutani. Palikuwa na kiti kikubwa cha kuegemea, mashine ya kupimia presha, na kimeza chenye kitu cheusi kama miwani ya mchomelea vyuma. Muuguzi alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mipole. Akamweleza kwamba ile inaitwa miwani ya uhalisia pepe. Ukiivaa unaona mahali pengine kabisa, na ukigeuza kichwa, mahali penyewe panageuka nawe, kana kwamba uko pale.

"Naomba nikuambie ukweli, mama," akasema. "Haitibu chochote. Uvimbe atautoa daktari. Hii inapunguza wasiwasi kwa watu wengi, si wote. Wengine inawapa kichefuchefu. Ukichoka, unanyanyua mkono, naivua."

"Mwanangu, mimi na mvi hizi nivae midoli ya watoto?"

"Jana niliivalisha babu wa miaka themanini na moja. Alikataa kuivua."

Muuguzi akampima presha kwanza. Mia na sabini, na hapo alikuwa amekaa tu. Kisha akamvalisha miwani na spika za masikioni, akamwambia kwamba kwa kuanzia atapanda puto kubwa linaloruka juu ya mabonde.

Stoo ya mashuka ikatoweka. Mama Breki akajikuta ndani ya kikapu, ardhi ikishuka taratibu chini yake, miti ikiwa midogo kama vichwa vya kabichi. Palikuwa pazuri. Lakini puto lilipoanza kuelekea mlima, akagundua hakuna usukani. Mlima ukakaribia. Muuguzi, aliyekuwa amesimama pembeni, akaona mguu wa kulia wa mgonjwa wake unanyooka na kukandamiza sakafu, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu mpaka kiti kikarudi nyuma. Kisha mkono ukanyanyuka.

"Nani anaendesha kitu kile?" Mama Breki aliuliza miwani ilipovuliwa, jasho likimtiririka. "Mimi ni mwalimu wa udereva, sipandi kitu kisicho na breki."

Muuguzi alijitahidi asicheke, akashindwa, wakacheka wote wawili. "Samahani, mama. Sikujua kazi yako. Tujaribu mahali pasipo na safari."

Mara hii alimpeleka chini ya maji. Alikuwa ameketi juu ya mchanga mweupe, maji ya samawati yamemzunguka, miale ya jua ikichezacheza juu kabisa. Samaki wadogo wa manjano walipita mbele ya pua yake kama watoto waliotoka shule. Sauti tulivu masikioni ikamwambia avute pumzi kwa pua huku akihesabu mpaka nne, aitoe kwa mdomo akihesabu mpaka sita. Akavuta, akatoa. Kutoka upande wa kushoto akaja kasa mkubwa kama meza. Hakuwa na haraka hata chembe. Akapiga kasia moja, akateleza. Akapiga jingine, akateleza. Akamkaribia Mama Breki, akamtazama kwa jicho lake la kizee, akazunguka jiwe bila kuligusa.

"Huyu angefaulu siku ya kwanza," Mama Breki akasema kwa sauti, akiwa amesahau kwamba yuko stoo.

Dakika kumi na tano zilipita akadhani ni nne. Presha ilisoma mia na arobaini na mbili. Aliiangalia ile namba kama mtu aliyeonyeshwa picha yake asiyokumbuka kupigwa.

"Kuna filamu moja imebaki," muuguzi akasema. "Haina samaki. Tumeipiga hapa hapa hospitali. Inaonyesha njia utakayopita siku ya upasuaji, toka wodini mpaka ndani, ukiwa umelala vile vile."

Mama Breki akageuka kumtazama vizuri. "Mnamtembeza mtu njia kabla ya mtihani?"

"Ndiyo hivyo hasa."

"Nani aliwaza hilo?"

"Daktari mmoja wa usingizi. Utamwona humo ndani."

Akavaa tena. Sasa taa za dari zikapita juu yake, lakini sauti ilikuwa ikimwambia: hapa tunakata kulia, huu ni mlango wa mabawa mawili, utasikia unagonga, ni kawaida, saa hii ya ukutani iko mbele kidogo, usiiamini. Akaingia chumba cha upasuaji. Akaonyeshwa taa kubwa ya duara, mashine ya kupumulia, meza ya vyombo iliyofunikwa kitambaa. Kila mtu alitaja kazi yake. Mwishowe uso uliofunikwa barakoa ukamwinamia kutoka upande wa kichwani, nyusi mbili nene zilizokutana katikati, na sauti ya puani kidogo ikasema, "Karibu. Mimi ni daktari wa usingizi. Nitakuwa hapa karibu na kichwa chako muda wote."

Mama Breki alijivua miwani mwenyewe.

"Mwanangu," akamwambia muuguzi, "nyusi zile nazijua. Huyu ni Bwana Mtaro."

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa na mwanafunzi, kijana aliyemaliza udaktari juzi juzi, mwenye akili za kuogopesha na miguu isiyosikilizana. Akiambiwa kushoto alikwenda kulia. Mara mbili alilipeleka gari kwenye mtaro ule ule, mara ya pili akiomba radhi kabla hata ya kufika. Alishindwa mtihani mara tatu. Na huyo ndiye ambaye sasa angeshika pumzi za Mama Breki mkononi.

Muuguzi akatoka, na haukupita muda akarudi na daktari mwenyewe, barakoa ikining'inia kidevuni. Alikuwa ameota kitambi na mvi mbili tatu. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bado unakwenda kulia ukiambiwa kushoto?"

"Siendeshi, mwalimu. Leseni niliipata mara ya nne, nikaifungia kabatini. Mke wangu ndiye dereva."

"Umefanya jambo la busara. Na hapa je?"

"Hapa ni mwaka wa saba. Hapa sijaingia mtaroni." Akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Hiyo filamu niliiwaza kwa sababu yako. Ulinitembeza ile njia mara nne, kwa miguu. Mara ya nne mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa natetemeka, ukaniambia nihesabu vibao."

Ndipo Mama Breki akauliza lile swali aliloshindwa kumuuliza mtu yeyote. "Nikishalala, wewe unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Watu wengi wanadhani tunachoma sindano na kwenda kunywa kahawa. Nakaa. Naangalia pumzi yako, moyo wako, presha yako, kila dakika, mpaka ufumbue macho uniambie jina lako. Nakaa kama ulivyokuwa ukikaa na mimi garini. Wewe hukuwa unaendesha, lakini mguu ulikuwa tayari."

Alipotoka hospitali siku ile alitembea kwa miguu mpaka dukani kwa mumewe, akakaa kwenye kiti cha pili kilichokuwa kitupu, akamsimulia mbele ya mteja mwenye sabuni nusu uso. Mteja naye akataka kujua mtaro wenyewe ulikuwa wapi.

Siku ya pili ya upasuaji ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Kinyozi aliruhusiwa kukaa naye kwenye chumba cha kungojea, na kwa kuwa hakuna kitu kilichowahi kupita mbele yake bila yeye kukiulizia, akaomba kuonja miwani. Muuguzi akamvalisha. Kinyozi akasema maji ni masafi sana, akaona samaki, akanyoosha mkono kumkamata, akaangusha sanduku la glavu na kofia yake mwenyewe. Wagonjwa wawili waliokuwa wakingoja wakaangua kicheko, na mmoja, bibi aliyekuwa hajasema neno tangu alfajiri, akauliza kama samaki amepatikana.

"Amenikwepa," kinyozi akasema. "Ni samaki wa mjini."

Kisha zamu ikawa ya mkewe. Akavaa, akashuka chini ya maji, akavuta pumzi na kuhesabu. Si kwamba woga wote ulimtoka. Mara mbili alilazimika kuanza kuhesabu upya. Lakini kasa alipokuja akamfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya jiwe, na alipovuliwa miwani mkono wake ulikuwa mkavu. Presha mia na arobaini na nane. Muuguzi akaiandika, akampa dole gumba.

Kinyozi akambusu mkewe paji la uso. "Nitakuwa hapa," akasema. "Nikichoka kukaa, nitamnyoa mtu."

Kitanda kikasukumwa. Mama Breki akatazama dari na kuanza kuhesabu kimoyomoyo. Hapa kulia. Huu mlango, utagonga. Ukagonga. Saa ile, mbele kwa dakika saba. Taa ya duara. Watu wakamsalimu kwa majina ya kazi zao, akawajua kama majirani. Jambo moja tu lilimshangaza.

"Bwana Mtaro," akasema, "filamu yako haikusema kuhusu baridi. Humu ndani ni friji."

Chumba kizima kikacheka. Daktari wa usingizi akaagiza blanketi lenye joto, akamfunika mpaka shingoni, akamwambia ataongeza hilo kwenye filamu wiki hiyo hiyo. Akakaa kwenye kiti chake cha kichwani. "Mwalimu, niambie, mwanafunzi wako mbaya kuliko wote alikuwa nani?"

"Usijitafutie sifa," Mama Breki akasema. "Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefumba macho kila akipishana na lori. Siku moja tukiwa darajani..."

Habari ya daraja haikuisha.

Alipofumbua macho, nyusi zilizokutana zilikuwa pale pale juu yake. Akaulizwa jina lake. Akalitaja lote, lile la wazazi wake, kisha akauliza kama bibi aliyekuwa akingoja naye ameshaingizwa. Akaambiwa ameingizwa, na kwamba ameomba samaki wale wale. Kifua kilimuuma kama aliyepigwa teke na punda, koo lilikuwa limekwaruzika, na alitapika mara mbili kabla ya adhuhuri. Mchana akanywa uji. Jioni akamkemea mumewe kwa kumwambia muuguzi jinsi ya kukunja shuka.

Wiki mbili baadaye walirudi kuchukua majibu. Safari hiyo akahesabu pumzi zake kwenye benchi bila miwani, akafika ishirini na moja kabla ya kuitwa. Daktari mfupi alifungua faili. Uvimbe wote umetoka, akasema, kingo ni safi, na tezi za kwapani hazina kitu. Ilibaki mionzi ya wiki tatu, vidonge vya miaka mitano, na vipimo kila baada ya miezi sita.

"Miaka mitano ni mingi," Mama Breki akasema.

"Ni mingi," daktari akakubali. "Nataka uimalize yote."

Akatoka ukumbini. Kinyozi alikuwa amesimama, kofia mkononi, ameizungusha mpaka ukingo umepinda. Mkewe akamwambia maneno yale yale aliyoambiwa, kwa mpangilio ule ule, asije akakosea. Kinyozi akakaa. Akavuta pumzi ndefu, akapangusa macho kwa kofia, akauliza kama alikunywa chai asubuhi. Mkewe akasema hakunywa, haikushuka.

"Basi twende tukale," kinyozi akasema, na wakaenda, yeye akisimulia njia nzima habari za mteja aliyelala kwenye kiti akaamka na ndevu za upande mmoja.